Toni ya gita la umeme imekuwa mbaya: ni sumaku ya pikapu ama ni kitu kingine?

Wapiga gita wengi huku Kampala wanafika kwa fundi na jibu tayari. Mtu hasemi gita linaumwa nini, anasema tu nitolee hii sumaku ya seramiki uniwekee alniko, ile sumaku ya aina nyingine, nimeona YouTube. Sawa ssebo, lakini gita lenyewe linafanya nini? Maana malalamiko ni yaleyale, linakata masikio, limefifia, nyuzi nene zinayumba, pikapu mbili (vile vifaa vya chini ya nyuzi vinavyodaka sauti) zikiwaka pamoja besi inapotea, na mara nyingi kosa liko kwa skrubu za kupandisha pikapu ama kwa kebo ama kwa miksa, sumaku ya watu haina hatia. Kwa hiyo hapa tunaenda kwa dalili, cha bure kwanza, sumaku mwisho.

Ujue tu sumaku inafanya nini pale chini. Inaufanya uzi wa chuma nao uwe sumaku kidogo, uzi ukitikisika juu ya koili (waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi) unazalisha umeme mdogo, huo ndio unaenda kwa ampu, kile kikuza sauti. Sumaku ikiwa na nguvu umeme unaongezeka, lakini na uzi nao unavutwa zaidi. Jambo la tatu watu hawalisemi: alniko ni aloi ya chuma, kwa hiyo inaongeza kidogo induktansi ya koili (inavyozuia trebo, yaani sauti za juu), seramiki karibu haiongezi kitu, ndiyo sababu ukitoa alniko kwa hambaka (pikapu ya koili mbili) ukaweka seramiki na koili ni ileile, trebo inapanda. Yaliyobaki mengi ni ya koili yenyewe, waya umezungushwa mara ngapi na unene gani, na hayo huwezi kuyabadilisha kwa kubadilisha sumaku.

Tafuta bisibisi ndogo, rula ya milimita, testa ya kupima omu (ukinzani wa umeme) na dira ndogo ya sindano. Dira usiisukume mpaka iguse pikapu, isogeze polepole ukiwa mbali, sindano ikipigwa na sumaku kali inaweza kugeuka ncha zake na kuanzia hapo itakudanganya kila siku.

"Linakata masikio, trebo kali, halina mwili"

Sababu ya kwanza kwa wingi ni urefu wa pikapu. Bonyeza uzi kwa freti (vile vyuma vya shingoni) ya mwisho kabisa, pima kutoka chini ya uzi mpaka juu ya chuma cha pikapu. Gibson wenyewe kwa hambaka wanaanzia kama milimita 1.6 upande wa briji (kule nyuzi zinakoshikwa mwilini) na 2.4 upande wa shingo, Fender kwa singo koili (pikapu za koili moja) za mtindo wa zamani wanaanzia kama 2.4 upande wa uzi mnene na 2.0 upande wa uzi mwembamba. Ukikuta moja na kitu, ishushe, piga, sikiliza, ishushe tena robo mzunguko. Watu wanashangaa sana hapa.

Ya pili, distoshen (ile sauti ya kukwaruza) inapigwa kwenye spika za kanisa. Spika ya ampu ya gita inakata trebo ya juu, ikifika kama kilohezi 5 inaanza kushuka haraka, lakini spika za ukumbini zina kile kispika kidogo cha trebo, kinatoa mchanga wote wa distoshen hadharani. Hapo hata uweke sumaku ya dhahabu. Tafuta pedali yenye kuigiza spika ya gita, au weka maiki mbele ya ampu.

Ya tatu, potenshomita, kile kifaa kilicho chini ya kinobu cha volyumu ama toni. Singo koili kwa kawaida inakwenda na kilo-omu 250, hambaka 500. Fundi fulani akiweka 500 kwa singo koili kwa sababu ndizo alizokuwa nazo dukani, trebo inazidi. Fungua uangalie mgongoni imeandikwa nini, kisha upime na testa.

Ya nne ndiyo sasa sumaku. Singo koili za bei ya chini nyingi hazina vijiti vya alniko, zina vijiti vya chuma vya kawaida na bamba la seramiki limegundishwa chini. Geuza pikapu uangalie, ukiona bamba jeusi ama la kijivu iliyokolea ni hiyo. Hapo kubadilisha sumaku peke yake hakukupi pikapu ya alniko, kwa sababu vile vijiti vya chuma navyo vina tabia yake, ni afadhali kununua pikapu nzima yenye vijiti vya alniko. Kwa hambaka ni tofauti, bamba linatoka na jingine linaingia, maelezo yako mbele.

Na msiichukie seramiki bure. Pikapu ya DiMarzio Super Distortion ya mwaka 1972 ni seramiki na watu wameirekodia miaka yote hii. Gita za bei ya chini zinaiweka kwa sababu ya pesa tu: alniko 5 (namba ni aina ya mchanganyiko) karibu robo yake ni kobalti, na kobalti ni ghali. Vita vya jimbo la Shaba kule kwa majirani zetu Kongo mwaka 1978 vilirusha bei ya kobalti juu mpaka watengenezaji wa spika wengi wakaiacha alniko wakahamia feraiti, ambayo ndiyo hiihii seramiki. Sisi wenyewe Kasese ilikuwa inachenjua kobalti kutoka kwa mabaki ya mgodi wa Kilembe. Kwa hiyo wewe ukilalamika bei ya pikapu, ujue na ardhi ya huku imo ndani ya hiyo hesabu.

"Limefifia, ni kama limefunikwa blanketi"

Kwanza uliza gita limechomekwa wapi. Huku kwetu hii ndiyo namba moja kabisa: gita, kebo, moja kwa moja kwa tundu la laini la miksa. Tundu hilo mara nyingi lina kilo-omu kumi ama ishirini, gita linataka kama megaomu 1, kwa hiyo miksa inainyonya pikapu na trebo yote inakwenda. Weka katikati DI boksi yenye betri (kiboksi cha kulinganisha gita na miksa) ama pedali yenye bafa (sakiti isiyoinyonya pikapu), au bonyeza kitufe cha Hi-Z (cha kupokea gita) kama miksa inacho.

Halafu kebo. Kebo ndefu ya bei ya chini inakula trebo, jaribu fupi ya mita tatu ulinganishe. Halafu nyuzi zimezeeka, jasho limeingia. Halafu pikapu iko chini mno. Kinobu cha toni kiko wazi mpaka mwisho? Usicheke, inatokea.

Vyote ni salama, pima omu. Volyumu fungua mwisho, chomeka kebo kwa gita, pima ncha mbili za upande wa pili. Singo koili ya kawaida inasoma kilo-omu 5 mpaka 7, hambaka ya mtindo wa zamani 7 mpaka 9, zile zilizofungwa waya mwingi 12 mpaka 16, na kwa njia hii utapata chini kidogo kwa sababu potenshomita nayo inahesabiwa. Ukipata namba inayokaribia ya potenshomita yenyewe, kama 240 ama 480 hivi, basi pikapu haipo kwenye mzunguko, waya wa koili umekatika ama lehemu imeachia. Koili iliyokatika mara nyingi bado inatoa kasauti kembamba kwa mbali, ndiyo watu wanadhani sumaku imekufa. SIMAMA HAPO kama lehemu za nje ni nzima: waya wa ndani ni wa milimita 0.063 hivi, ukianza kuuchokonoa na sindano unaongeza gharama tu. Peleka kwa mtu anayezungusha koili.

Sumaku kufa kweli ipo lakini ni nadra. Alniko haizeeki kwa miaka tu, na joto la kulehemu haliifanyi kitu. Inadhoofishwa na sumaku kubwa kuliko yake: gita limelazwa juu ya spika ya besi kwenye gari la bendi kutoka Mbale mpaka Kampala, ama mtu amecheza na sumaku kali ya neodimiamu juu ya pikapu, ama sumaku mbili zimehifadhiwa zikiwa zimelazimishwa kukaa ncha zinazosukumana. Seramiki ni ngumu zaidi kudhoofishwa. Kujua, chukua klipu ya karatasi, ishike kwa uzi mwembamba, linganisha inavyovutwa na kila chuma cha pikapu hii na ile nyingine. Ikiwa moja inavuta na nyingine inabembeleza, umepata. Kuichaji tena kunafanywa na neodimiamu mbili kubwa, na hizo zikirukiana na kidole kiko katikati utaenda kliniki, kwa hiyo mwachie fundi mwenye kifaa. Neodimiamu ndogo usiziache karibu na watoto, zikimezwa mbili zinabana utumbo, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo. Na mwenye mashine ya moyo asizikaribie.

"Uzi mnene unatoa noti mbili, chuni haishiki kule juu"

Hii ndiyo dalili ambayo kweli ni ya sumaku, na dawa yake haina gharama. Unachuni vizuri, uzi ukiwa wazi uko sawa, ukipanda freti ya 12 kwenda juu kwa nyuzi nene za E na A unasikia noti inatetemeka yenyewe kwa yenyewe, inaimba mbili kwa wakati mmoja, unasogeza vitandiko vya briji mpaka vinaisha na bado. Sababu ni kwamba sumaku inauvuta uzi upande mmoja, uzi hautikisiki sawasawa tena. Inawapata sana wenye singo koili za vijiti vya alniko 5, kwa sababu kijiti chenyewe ndicho sumaku na ncha yake iko palepale chini ya uzi. Pikapu ya shingo ndiyo mkosaji mkubwa, uzi pale unatikisika kwa upana zaidi. Hambaka haileti sana hii shida, sumaku yake imelala chini na juu ni vyuma tu.

Kipimo: shusha pikapu zote mpaka chini kabisa, zote tatu. Piga kule juu. Ikipotea, ni mvuto, basi pandisha kidogokidogo, ya shingo iache chini kuliko zote, na upande wa nyuzi nene uwe chini kuliko upande wa nyembamba. Mtu wa seben (ile sehemu ya gita ya muziki wa Kongo) anayeishi freti za juu atasikia tofauti siku hiyohiyo. Sauti ikipungua ongeza volyumu ya ampu, ndiyo kazi yake.

Isipopotea, uzi ni mbovu (badilisha kabla hujafikiria chochote), ama kuna freti iliyoinuka, ama kitandiko cha briji kimelegea. Na kama unapenda pikapu iwe karibu lakini hutaki mvuto, hapo ndipo alniko 2 ama alniko 3 ina maana. Hizo ni dhaifu, alniko 3 haina hata kobalti, na namba hazifuatani na nguvu, 3 iko chini ya 2. Mguso wa kwanza wa noti unalainika, besi inakuwa legevu kidogo. Gita za kwanza za Fender miaka ya 1950 mwanzoni zilitumia alniko 3 kabla hazijahamia 5.

"Nyuzi hazilingani, B inapiga kelele, nyingine zinanong'ona"

Nyuzi za gita la ekustiki. Karibu kila mara. Mtu ametoka kwenye kadongo kamu (muziki wa Kiganda wa gita moja), amezoea kununua pakiti ileile, anaweka kwa gita la umeme. Zile za kuzungushiwa ni bronzi, pikapu inaona tu kiini cha chuma cha ndani, bronzi haiioni kabisa, kwa hiyo B na E ndogo ambazo ni chuma tupu zinashinda nne zote. Nunua pakiti iliyoandikwa nikeli ama stili, kwisha. (Kuna waliotaka niweke pikapu ya sumaku kwa adungu (kinubi cha huku) ya nyuzi za nailoni, hiyo haitatoa hata mlio, pale unahitaji piezo, ile inayodaka mtikisiko wa mbao.)

Ikiwa ni G peke yake inayopiga kelele kwa singo koili zenye vijiti vya urefu tofauti, huo ni mpango wa mwaka 1954 wakati G ilikuwa uzi wa kuzungushiwa. G ya siku hizi ni chuma tupu, inasikika zaidi. Inua upande mmoja, shusha upande mwingine, vumilia. USISUKUME KIJITI. Kwa pikapu nyingi za zamani waya umezungushwa moja kwa moja juu ya vijiti, kikisogea kinakata koili. Hambaka yenye skrubu juu ndiyo unaweza kuzungusha skrubu mojamoja.

Angalia pia uchafu. Karakana nyingi za Katwe ziko jirani na watu wa grainda, gita likiachwa mezani bila kufunikwa vumbi la chuma linarukia pikapu na kuotesha ndevu juu ya kila chuma. Usipulize na kompresa, unalisukuma ndani kwa koili. Bandika selotepu, bonyeza, vuta, rudia mpaka itoke safi.

"Swichi ikiwa katikati besi inapotea"

Kila pikapu peke yake ni nzuri, zikiwa pamoja sauti inakuwa nyembamba ya puani. Zinapingana fezi, yaani mawimbi yao yanafutana. Mara nyingi inatokea baada ya mtu kubadilisha pikapu ama sumaku, kwa hiyo uliza kwanza nani aligusa mwisho.

Kama ni singo koili, waya zake mbili zimebadilishana, zigeuze kwa lehemu. Yenye kava la chuma, kama ile ya shingo ya gita la Fender Telecaster, kava limeungwa kwa waya mmojawapo, litenganishe kwanza ulipeleke athi (waya wa ardhini) lenyewe.

Kama ni hambaka yenye waya mmoja ndani ya shildi (kinga) ya waya za kusuka, usigeuze waya. Ule wa kusuka umeshikana na bamba la chini na kava, ukiugeuza kava zima linakuwa upande wa moto wa sauti na kila ukiligusa linanguruma. Hapa dawa ni kugeuza sumaku. Geuza sumaku ya pikapu moja tu, ukigeuza zote mbili umerudi ulipoanzia.

Namna yenyewe, ambayo ni ileile ukitaka kubadilisha aina: legeza nyuzi, toa pikapu. Yenye kava lililolehemiwa, kama hujawahi kulitoa, peleka kwa fundi, inataka chuma kikubwa cha lehemu na mkono wa haraka, joto likikaa koili inaharibika. Isiyo na kava, fungua utepe pembeni taratibu bila kisu kuingia ndani, legeza (usitoe) skrubu nne ndogo za chini mpaka sumaku iteleze, isukume na kijiti cha aisikirimu. Kabla haijatoka kabisa weka alama ya penseli kwenye uso wa juu na kwenye ncha inayovuta kaskazini ya dira. Kugeuza fezi, izungushe ili ukingo uliokuwa upande wa skrubu uwe upande wa vijiti. Kuweka aina mpya, dira ionyeshe mwelekeo uleule wa ile ya zamani. Kaza skrubu sawasawa, sumaku iguse vyuma pande zote, pengo dogo tu linapunguza nguvu.

"Nimebadilisha sumaku, sauti imekufa" ama "sijasikia tofauti"

Imekufa: umenunua bamba lisilo la gita. Sumaku ya hambaka, kama milimita 60 kwa 12.5 kwa 3, ncha zake ziko kwenye kingo zile ndefu nyembamba. Bamba za mapambo na za milango ya kabati zina ncha kwenye nyuso pana, ukubwa unaweza kufanana kabisa na bado haifanyi kazi. Dira inakuambia kabla hujalipa.

Hujasikia tofauti: inawezekana ni kweli. Kutoka alniko 5 kwenda alniko 4 ni kitu kidogo sana, bendi ikianza hakuna atakayejua. Kutoka 5 kwenda 2 utaisikia kwenye mguso wa kidole, besi inalegea, katikati inajaa, sauti inashuka kidogo. Kutoka 5 kwenda 8 sauti inapanda na katikati inasukuma. Kwenda seramiki inakaza besi na kuinua trebo. Kabla hujahukumu, rudisha urefu wa pikapu kwa rula uwe uleule, la sivyo unalinganisha skrubu, si sumaku. Hambaka za Gibson za mwisho wa miaka ya 1950 zilifungwa sumaku za alniko za namba tofautitofauti, na watu wanazitafuta zote.

"Inanguruma" na "inapiga mluzi"

Sumaku haileti ngurumo na haiitoi. Ngurumo ni umeme wa ukutani, hezi 50, singo koili inaidaka kwa maumbile yake. Sogea mbali na transfoma, inveta na taa. Ukigusa nyuzi kelele ikapungua, ni kawaida ya gita lisilo na shildi. Ikiongezeka, angalia waya wa athi wa kwenda briji, na kwa jeki kama waya mbili hazikubadilishwa.

Mluzi mkali hata ukiziba nyuzi, ni koili ama kava vinatikisika. Punguza geini, gonga kava na ukucha, ukisikia kwa ampu kama maiki, inataka nta. Kuloweka kwa nta ni kazi ya nyuzijoto 60 hivi ndani ya sufuria iliyo ndani ya maji, nta juu ya sigiri moja kwa moja inawaka moto na plastiki ya koili inayeyuka. Kama huna kipimajoto, usianze.

Sasa hii isome mara mbili. Ukigusa nyuzi mdomo ukiwa kwa maiki ukasikia kuchomachoma, hata kidogo, acha kupiga, zima ukutani, usiendelee mpaka mwisho wa ibada. Hiyo si pikapu, ni athi haipo ama kifaa kimoja kinavujisha, na ukuta wetu ni volti 240. Angalia plagi kwanza: kama ampu imechomekwa kwa plagi ya pini mbili na kijiti kimeingizwa kwa tundu la juu ili ikubali, athi hakuna. Jenereta na ekstenshen za kuunga zina ugonjwa huohuo. Muite fundi wa umeme mwenye kibali apime soketi, si fundi wa gita. Na ampu ya valvu (yenye mirija ya kioo inayowaka) usiifungue hata ikiwa imechomolewa, kapasita za ndani zinaweza kubaki na mamia ya volti.